Mstari wa Tano

Karatasi moja, mistari mitano, mwandiko wa kuinama:
Daktari Osvaldo, aliyekwisha rudi kwao Kuba,
aliandika kwa lugha ya mama yake, usiku wa kuchoka.
Watu wa bima wanaitaka kwa Kiingereza,
na muhuri, kabla ya Ijumaa.
Mfasiri ni mimi. Chumba changu kiko Ngamiani,
Barabara ya Kumi na Nne, juu ya fundi cherehani
ambaye wiki hii anashona sare za shule nzima.

Minne nimeivuka kama mtaro wa kiangazi.
Mkono wa kulia. Mashine ya korona, saa mbili usiku.
Damu. Uzi. Chupa mbili za maji.
Wa tano una maneno machache tu,
*lo velé toda la noche*,
na hapo nimekwama tangu adhuhuri.

Kitenzi chenyewe hakina makuu. *Velar*:
kukaa macho kwa ajili ya mtu.
Ila kwao mgonjwa hukeshewa kwa neno hilo,
na maiti, akishalazwa sebuleni,
hukeshewa kwa hilohilo.
Hawaoni haja ya kuwatenganisha usiku.

Kiingereza hakikubali. Kimesimama mlangoni kama karani:
huyo unayemkalia, anapumua au hapumui?
Kina neno la huyu na neno la yule,
na la tatu, *watch*, ukiligeuza ni saa ya mkono.
*Guard* tunalo wenyewe: gadi,
lile la treni ya zamani ya Korogwe,
na gadi lile jingine, mti unaoegemeza chombo
kisilale ubavu maji yakitoka.
Hilo ningelichukua. Lakini daktari hakuwa mti.

Nimebisha kwa Kiswahili, kimenimwagia debe zima:
linda, chunga, ngoja, kesha, uguza,
na amia, lililozoeleka kwao marehemu,
alipokuwa Hoza mdogo juu ya dungu,
kombeo mkononi, ndege wasile mpunga.
Hakuna aliyeniagiza Kiswahili.

Na mji huu! Ukiutia wingi tu, unakuwa msiba: matanga.

Kifungu cha bima nimekisoma mara tatu.
Mkataba wa Hoza Semkiwa ulikwisha usiku huo, saa sita kamili.
Akifa kabla, Tunu analipwa, watoto wanabaki shule.
Akifa alfajiri, pole sana mama.
Cheti cha kifo kinasema "usiku", basi.
Kwa hiyo wote, wenye suti na mwenye kaniki,
wanakingoja kitenzi kimoja
kiseme daktari alikaa na nani.

Jana nilikwenda Bombo, nikamtafuta Sista Penina.
Alikuwa anakunja mashuka, hakuacha kukunja.
"Alivuta kigoda," akasema. "Chandarua kilikuwa kimechanika.
Akachukua lile faili la mgonjwa, akawa anapunga,
anapunga, mpaka kukapambazuka, kama anaamia mpunga.
Mbu wa Bombo unawajua."

Nikamuuliza: mbu humwendea aliyekufa?
Shuka moja likamponyoka.
"Mfasiri," akasema, "umetumwa neno, au umetumwa mtu?"

Nimerudi kwa miguu. Sokoni wanauza ndizi za Muheza.
Cherehani chini inakimbia, inasimama, inakimbia,
kola nyeupe, kola nyeupe,
mbili kati ya hizo huenda ni za wanawe.

Nimeandika, kwa Kiingereza chembamba kisicho na upande:
nilikaa naye usiku kucha.
Kukaa tu. Kitako. Aliye hai hukaliwa,
na maiti hukaliwa vilevile.
Nimehesabu: neno la daktari lilikuwa na milango miwili,
langu nalo lina miwili, wala sikukomea hata mmoja.

Nikapiga muhuri.
Mbu sikuwaandika.
Daktari mwenyewe hakuwaandika.